Tundu Lina Mwenyewe

Kuna maneno matatu ambayo katika nchi hii yamekuwa kaburi la maswali: hitilafu ya umeme. Duka limeungua, hitilafu ya umeme. Bweni limeungua, hitilafu ya umeme. Basi limewaka moto barabarani, abiria wametokea madirishani, mizigo ya watu imebaki majivu, na jioni taarifa ya habari inafunga mjadala kwa sentensi moja: chanzo kinadhaniwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Tunatikisa kichwa, tunasema poleni, tunabadilisha chaneli. Utadhani umeme ni jini lililokuwa linapita zake njiani likaamua kupanda gari la watu.

Mimi nasema maneno hayo ni uongo uliovaa suti. Umeme haukosei. Unafanya kitu kile kile kila siku, Bariadi na Geneva, saa sita mchana na saa nane usiku: unapita pale ulipofunguliwa njia. Kinachokosewa mara nyingi ni tundu ambalo waya umepitishwa, na tundu halijitoboi lenyewe. Kuna mtu alishika drili. Kuna mtu alimlipa. Kuna mtu alilitazama akasema, "Iko poa, twende." Tukilipa tundu mwenyewe, maneno yale matatu yatakosa kazi.

Tuanze na ukuta wenyewe. Fungua boneti ya gari dogo, nyuma ya injini utaona bamba la chuma. Upande mmoja kuna mafuta, joto na mikanda inayozunguka. Upande wa pili kuna miguu ya dereva. Kwenye ndege ndogo ya injini moja, kama zile Cessna zinazotua kwenye viwanja vya vumbi ndani ya Serengeti, jirani zetu wa mashariki, mpangilio ni huo huo: propela, injini, bamba, kisha miguu ya rubani. Watu wa ndege wamelipa bamba hilo jina linalotaja kazi yake, ukuta wa moto. Kwenye Hiace na Noah za zamani ukuta huo umelala chini. Injini iko chini ya viti vya mbele, na abiria aliyebahatika kukaa mbele anakaa juu yake, anahisi joto mapajani na kudhani ni jua la Busega.

Ukuta wa namna hii una tatizo moja la kuzaliwa nalo. Hauwezi kubaki mzima. Dereva lazima azungumze na injini, na mazungumzo hayo hupita kwenye nyaya, na nyaya lazima zipite kwenye bamba. Kwa hiyo kiwanda chenyewe hutoboa matundu. Lakini kiwanda kikitoboa, huvalisha ukingo wa tundu raba ya duara yenye mfuo, inayokumbatia chuma pande zote mbili, ili waya upumzike juu ya raba na usiguse makali ya bamba. Gari linatoka Japani na matundu yenye raba. Matundu yasiyo na raba tunayatoboa sisi wenyewe.

Kwa sababu gani? Kwa sababu gari likifika kwetu linaanza maisha mapya. Linawekewa redio kubwa, amplifaya, spika chini ya viti, taa za urembo za buluu, chaji za simu kila kiti, king'ora, kamera ya nyuma. Kila kimoja kinataka waya kutoka kwenye betri, na kila waya unataka njia. Mazungumzo yenyewe unayajua, yanafanyika kwenye gereji yoyote yenye mti wa mwarobaini na matairi chakavu.

"Fundi, gari litoke leo, kesho ni mnada."

"Sawa bosi, ila hapa nilipotoboa panataka raba. Nimtume dogo dukani?"

"Ah, fundi nawe. Zungushia tepu, twende."

Fundi anazungusha tepu. Kesi nzima ninayoishitaki hapa imeishia hapo, kwa sentensi tatu, na hakuna aliyeiandika. Na tafadhali utazame vizuri nani alisema nini. Fundi alijua. Aliyekataa raba ni mwenye gari. Siku gari litakapoungua, atakayetukanwa ni fundi wa mtaani ambaye "hakusoma".

Sasa tutazame kile kinachotokea ndani ya miezi sita. Bamba la chuma lililotobolewa kwa drili lina ukingo kama wembe, na vumbi la vyuma limebaki pembeni. Injini inatetemeka. Barabara ya vumbi kutoka kijijini nayo inatetemesha. Waya unasugua ukingo mara nyingi kwa dakika, na tepu, ambayo gundi yake imeshalainika kwa joto, inateleza na kukunjamana. Plastiki inakwanguka kidogo kidogo. Siku moja shaba inagusa bamba.

Hapa ndipo ujuzi kidogo unapohitajika. Kwenye gari, bodi nzima ya chuma imeunganishwa na upande hasi wa betri. Waya chanya ukigusa bodi, umekamilisha mzunguko usio na kazi yoyote katikati, hakuna taa, hakuna redio, hakuna cha kuuzuia mkondo. Betri ya gari, iliyotengenezwa kusukuma mkondo mkubwa wa kuwashia injini, inamwaga mamia ya ampea kwenye waya mwembamba uliokusudiwa kubeba kumi au ishirini. Plastiki ya waya huo inayeyuka ndani ya sekunde chache. Inayofuata ni nyaya jirani zilizofungwa nao kwenye fungu moja, kisha zulia, kisha sponji ya kiti.

"Lakini kuna fyuzi," utasema. Ndiyo, na mara nyingi iko mahali pasipofaa. Watu wengi wanaamini fyuzi inalinda redio, kwa hiyo inafungwa karibu na redio, ndani, chini ya dashibodi. Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Inalinda sehemu ya waya iliyo mbele yake tu, kuelekea kwenye kifaa. Sehemu inayotoka kwenye betri hadi kwenye fyuzi haina ulinzi wowote, na hiyo ndiyo sehemu inayopita karibu na injini, ndiyo inayopenya kwenye bamba, ndiyo inayosuguliwa na ukingo. Shoti ikitokea hapo, fyuzi haitajua hata kama kuna shida. Itakutwa nzima kabisa katikati ya majivu. Fyuzi ya bei ile ile, ikihamishiwa karibu na betri, umbali usiozidi mkono mmoja, ingekatika na safari ingeishia kwa redio kunyamaza.

Watu wa ndege walijifunza mambo haya kwa kuzika watu, kisha wakayaandika. Kanuni za ndege ndogo, zile za Marekani ambazo nchi nyingi zimezifuata au kuzikaribia, zinataka ukuta wa moto utengenezwe kwa kitu kinachostahimili mwali wa nyuzi joto takriban 1,100 za Selsiasi kwa dakika 15 bila kupenywa. Chuma kisichoshika kutu chenye unene wa kama milimita 0.4 kinakubalika. Alumini haikubaliki peke yake, kwa kuwa inayeyuka ikifika nyuzi 660. Na kila tundu kwenye ukuta huo lazima lizibwe kwa kiungo kinachobana, kisichoshika moto.

Angalia tofauti. Kwenye gari tunalilia raba. Kwenye ndege raba pekee ni dhambi, kwa kuwa tundu lina kazi mbili: kumlinda waya dhidi ya ukingo, na kuuzuia moto usipite. Raba inafanya ya kwanza. Ya pili haiwezi, itaungua na kuacha dirisha. Ndiyo maana fundi wa ndege huweka kiungo cha chuma kwenye tundu, hupitisha fungu la nyaya ndani ya soksi nene isiyoungua, huibana kwa kibano cha chuma, kisha hujaza nafasi iliyobaki kwa gundi maalumu inayovimba ikipata joto badala ya kuyeyuka. Kabla ya tundu huuacha waya ulegee kidogo kuelekea chini, ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee hapo yasiingie ndani. Waya na bomba la mafuta vikilazimika kwenda pamoja, waya hukaa juu, kwa sababu mafuta yanayovuja hudondoka chini. Na anapunguza matundu. Kama nyaya nne zinaweza kupita kwenye tundu moja lililozibwa vizuri, hatoboi manne.

Baada ya hapo anafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko chuma na gundi. Anaandika. Anaandika alichofanya, tarehe, namba ya leseni yake, na anasaini. Daftari hilo linakaa na ndege maisha yake yote. Miaka 20 baadaye mtu akiuliza nani alitoboa hapa, jibu lipo.

Msidhani nawapamba watu wa ndege kama malaika. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair namba 111 iliyotoka New York kwenda Geneva ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada. Watu 229 walikufa, wote waliokuwemo. Moto ulianzia juu ya dari, nyuma ya chumba cha marubani. Wachunguzi wa Kanada walitumia zaidi ya miaka minne kuokota vipande kutoka chini ya bahari na kuviunganisha upya. Kwenye waya mmoja wa mfumo wa burudani za abiria walikuta alama za shaba iliyoyeyuka kwa cheche. Hawakusema kwamba cheche hiyo ndiyo hakika iliyotangulia, waliishia pale ushahidi ulipoishia. Lakini walisema mengine: mfumo huo wa burudani haukuwemo ndege ilipotoka kiwandani. Uliongezwa baadaye. Na uliungwa kwa namna ambayo marubani wakizima swichi ya umeme wa sehemu ya abiria, wenyewe haukuzimika. Pia walionyesha kwamba kitambaa cha kuzuia joto kilichokuwa jirani kilikuwa kimefaulu vipimo vya wakati huo, na bado kikasambaza moto. Kitambaa hicho kikaamriwa kuondolewa kwenye ndege.

Soma tena. Burudani iliyoongezwa baada ya kiwanda. Nyaya zilizochukua umeme mahali pasipostahili. Kitu kinachoungua kikiwa jirani. Ondoa mabawa, na hiyo ni Hiace yenye spika sita. Tofauti ni kwamba baada ya ndege ile, dunia haikukubali sentensi moja. Ilidai miaka minne ya maswali, ikapata waya, swichi na kitambaa kwa majina yao, ikabadilisha kanuni. Gari la abiria likiungua kwetu, mabaki yanasukumwa pembeni ya barabara, na ndani ya wiki moja vyuma vimeshauzwa kwa kilo.

Najua majibu. La kwanza ni kwamba ndege ni ndege na gari ni gari, ukipata shoti barabarani unasimama na kushuka, angani huwezi. Ni kweli, na ndiyo sababu sidai soksi isiyoungua na gundi maalumu kwa kila Noah. Lakini "unasimama na kushuka" inamaanisha nini kwa gari lenye mlango mmoja wa kuteleza, watu wamebanana wanne wanne, mama ana mtoto mgongoni na gunia la mpunga limeziba njia? Rubani ana dakika zake 15 zilizoandikwa kwenye kanuni. Abiria wa siti ya nyuma ana ngapi?

La pili ni umaskini. Hili linaniudhi zaidi, kwa sababu linasemwa na watu wasio maskini. Mwenye gari aliyelipia amplifaya, spika sita na taa za buluu hakuishiwa fedha alipofika kwenye raba ambayo bei yake haifiki ya soda. Umaskini upo, naujua, mkoa huu unaujua. Lakini hapa hauhusiki. Hapa kuna mtu aliyeamua kwamba kinachoonekana kinalipiwa na kisichoonekana kinazungushiwa tepu. Tunalazimishwa kubeba mtungi wa kuzimia moto, na ni vizuri, tena kila mtu aijue 114, namba ya zimamoto. Ila mtungi ni wa baada ya moto. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wanazungumzia nyumba. Huku kwenye magari tuna ukuta tayari, na tunautia nyufa kwa drili.

La tatu ni letu sisi, wasomaji na waandishi wa majarida kama hili. Sisi tunampenda fundi wa mtaani kama picha. Tunaandika kuhusu mikono yake yenye grisi, kuhusu ubunifu wake, kuhusu namna anavyofufua kilichokufa. Fundi mmoja wa Tunduma alipounda helikopta kwenye karakana yake, picha zilizunguka nchi nzima, na swali lilikuwa moja tu: itaruka? Wengine walicheka, wengine walijivuna kwa niaba ya taifa. Hakuna niliyemsikia akiuliza nyaya zinapita wapi, na moto ukianza utakaa upande gani. Sifa hiyo ni ya bei rahisi. Kumheshimu fundi ni kumuuliza swali analoulizwa fundi wa ndege, na kumlipa muda wa kulijibu. Ukimsifu halafu ukamnyima raba, umemfanya kikaragosi.

Kwa nini nayasema haya nikiwa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012? Kwa sababu huku kitu kinachoungua kiko kila mahali. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Kuanzia Mei, msimu wa ununuzi ukifunguliwa, Fuso zinabeba pamba kutoka kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya Itilima, Meatu na Maswa kwenda viwanda vya kuchambua. Muulize yeyote aliyefanya kazi kiwandani: pamba haiungui kama kuni. Cheche ikiingia kwenye robota iliyoshindiliwa, inaweza kukaa humo ikifukuta kimya kwa siku kadhaa, bila mwali, bila moshi wa kutosha kukushtua, kisha ikatokea juu ukiwa umeshasahau. Sasa weka juu ya mzigo huo lori lililoongezewa taa na redio kwa nyaya zilizopitishwa kwenye matundu ya tepu. Kinachosafirishwa pale ni ada za shule, mahari, dawa ya mifugo, bati la nyumba ya mwaka kesho. Ni jasho la familia zilizopalilia tangu Desemba.

Na gari ni mwanzo tu. Umeme umefika vijijini, jambo jema ambalo wazee wetu walilingoja maisha yao yote. Tazama unavyoingia ndani ya nyumba. Mara ngapi waya umepita juu ya ukingo wa bati, au kwenye tundu la ukuta lililochongwa kwa msumari, bila bomba la plastiki, kwenda kwa jirani aliyeomba "kuvuta kidogo"? Bati likipigwa na upepo wa Agosti linafanya kazi ile ile ya bamba la gari. Linasugua. Linangoja.

Mwaka 2018, 2019 na 2020 Nanenane ilifanyika kitaifa Nyakabindi, hapa Bariadi. Watu walikuja kuona matrekta, mbegu, ng'ombe wa maziwa, mashine zinazong'aa. Siku maonyesho kama hayo yakirudi, natamani kuona banda moja dogo lenye vitu vinne juu ya meza: bamba la chuma lenye tundu tupu na waya uliokwanguka, bamba lenye raba na waya mzima, fyuzi iliyofungwa karibu na betri, na daftari. Halitapigiwa ngoma. Lakini mtoto wa darasa la sita angelielewa kwa dakika tano.

Hicho ndicho ninachokidai, na hakuna kati yake kinachohitaji mfadhili. Kila tundu livalishwe raba. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake hapo hapo kwenye betri. Waya ufungwe usicheze, ukae mbali na bomba la mafuta na bomba la moshi. Vyuo vya ufundi vimpime mwanafunzi kwa tundu alilotoboa kwa mkono wake, likatazamwe kwa tochi, kabla ya kumpima kwa maelezo aliyokariri. Anayekagua magari afunue kifuniko cha injini na kupitisha kidole kwenye ukingo. Na kila gereji iwe na daftari, hata la kurasa 96: namba ya gari, tarehe, kazi iliyofanywa, jina la fundi, jina la mwenye gari aliyesema "weka raba" au aliyesema "zungushia tepu". Wote wawili waweke saini.

Wewe unayesoma hii kwenye simu labda una gari, au utalinunua, au mjomba wako analo na anakusikiliza kwa kuwa umesoma. Labda ni abiria tu. Abiria naye ana sauti. Ukiona fungu la nyaya limetokeza chini ya dashibodi limefungwa kwa tepu, uliza: "Kaka dereva, hii inapita wapi?" Atakucheka. Konda atakuita profesa. Uliza tena siku nyingine, kwenye gari jingine. Mwenye gari ataanza kuweka raba siku atakapochoka kuulizwa, kwa sababu ile ile iliyomfanya aweke taa za buluu: abiria wanatazama.

Na siku ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme, usibadilishe chaneli. Sema kwa sauti, hata kama uko peke yako sebuleni: hitilafu ilikuwa kwenye tundu gani, nani alilitoboa, na nani alikataa kulipia raba?